Gesi haipanuki mtungini: Tahadhari iliyoandikwa kwa Kiswahili safi na bado ikapotosha

MWEZI jana niliingia katika duka la gesi mtaani kwetu kubadilisha mtungi wa kilo 13. Mwenye duka, ambaye wateja wote humwita Mama Gesi, hakunipa mtungi mara moja. Alibandua karatasi iliyokuwa imegandishwa ukutani akanitia mkononi.

“Mwalimu, si wewe ndiwe mtu wa Kiswahili? Hebu nisomee hii kitu, uniambie inataka nifanye nini hasa.”

Ilikuwa karatasi ya tahadhari kuhusu gesi ya kupikia, ile wanayosambaziwa wauzaji rejareja ili waibandike mahali wateja wataiona. Sitataja ni nani aliyeichapisha. Ninachotaka ni kuihakiki jinsi ambavyo ningehakiki riwaya au diwani, kwa sababu naamini matini ya aina hii hustahili uhakiki mkali kuliko riwaya. Riwaya mbaya humchosha msomaji. Tahadhari mbaya inaweza kumuunguza.

Nianze kwa kuisifu. Mwandishi wake ana Kiswahili. Upatanisho wa kisarufi hauna dosari, tahajia ni safi, na hamna zile sentensi za tafsiri ya mashine ambazo siku hizi tunakumbana nazo hata katika matangazo ya benki. Ningekuwa nasahihisha insha ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, ningempa alama nzuri na kuendelea na shughuli zangu. Lakini Mama Gesi aliisoma mara tatu asielewe, na pale alipodhani ameelewa, alielewa kinyume. Kosa liko wapi basi?

Kosa la kwanza liko katika neno ‘hewa’. Karatasi ilisema mtungi uwekwe penye hewa, kisha mistari miwili baadaye ikasema hewa ikianza kuvuja mtu afungue madirisha ya juu ili itoke, maana hewa ni nyepesi. Hewa ya kwanza ni hii tunayoivuta. Hewa ya pili ni gesi ya kupikia. Hewa ya tatu, ile inayoitwa nyepesi, sijui ni ipi.

Wapo wataalamu ambao wangemrukia mwandishi huyu kwa kuita gesi ‘hewa’. Mimi simrukii. Wazungu wenyewe waliita gesi zote hewa kwa miaka na mikaka. Robert Boyle, katika karne ya 17, aliandika juu ya hewa tu. Joseph Priestley, aliyetenga oksijeni mnamo 1774, vitabu vyake vilizungumzia ‘aina mbalimbali za hewa’. Neno lenyewe ‘gesi’ lilibuniwa na tabibu mmoja wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, Jan Baptist van Helmont, akilifinyanga kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya vurugu. Nasi tukalipokea kupitia Kiingereza. Kwa hivyo mja anayesema ‘hewa ya kaboni’ au ‘hewaukaa’ hajakosea. Anatumia mbinu ileile aliyoitumia Priestley.

Tatizo ni pale neno moja linapobebeshwa vitu viwili ndani ya maagizo yaleyale. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu. Butani kwa takriban mara mbili. Ikivuja haipandi darini. Hutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, ikaingia chini ya kabati, ikajaa mashimoni, ikasubiri kibiriti. Anayefungua dirisha la juu na kuuacha mlango umefungwa amefanya nusu ya kazi, tena ile nusu yenye faida ndogo. Mama Gesi aliniambia kwamba wakati fulani alinusa ile harufu inayotiwa makusudi ndani ya gesi ili ivujapo ijulikane, akapanda juu ya stuli na kufungua kidirisha. Jiko lake la makaa lilikuwa sakafuni, hatua chache kutoka pale, na bahati yake lilikuwa limezimika tangu asubuhi.

Hiyo ndiyo gharama ya nomino moja.

Kosa la pili ni la ‘joto’. Karatasi inasema joto la mtungi lisizidi nyuzi 50. Katika mazungumzo sina ugomvi na usemi huo. Hata watangazaji wa hali ya hewa husema joto litafika nyuzi 33 Lodwar na sote tunaelewa. Ila kisayansi joto ni kitu kimoja na halijoto ni kingine, na anayetaka kuyaona yakitengana na aende jikoni. Injika sufuria ya maji hapa Nairobi. Maji yataanza kutokota yakifikia nyuzi 94 au 95 hivi, si 100 kama ya Mombasa, kwa kuwa mji wetu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Yakishatokota, endelea kuongeza moto utakavyo. Joto linazidi kuingia sufuriani, lakini halijoto haisongi mbele hata uzi mmoja.

Mtungi wa gesi hufanya kioja cha kinyume. Pika githeri kwa saa mbili, kisha uguse mtungi upande wa chini. Utaukuta baridi, pengine umelowa umande. Kimiminika kilichomo hugeuka gesi, na ili kigeuke lazima kipate joto, nacho hulichota kutoka kwa chuma cha mtungi. Joto limetoka, halijoto imeshuka. Asiyejua hili huona moto umefifia, akadhani gesi ‘imeganda’, akatia mtungi ndani ya beseni la maji moto. Naam, nimewaona wafanyao hivyo, na mmoja wao ana shahada. Karatasi yetu haikuwa na neno hata moja la kuwakataza, maadamu kwa mwandishi joto ni jua na moto tu.

Watanzania walituletea istilahi ya ‘jotoridi’, joto na baridi zikiunganishwa. Ukiifikiria ni istilahi yenye akili nyingi, kwa sababu kipimajoto hupima baridi pia. Hata hivyo nchini Kenya ‘halijoto’ ndiyo iliyoshika, na neno lililokwisha kushika midomoni mwa watu sioni haja ya kulipiga vita.

Sasa tuje kwenye kosa lililonikalisha juu ya kibao cha duka lile karibu nusu saa, huku wateja wakinipita na mitungi yao. Karatasi ilisema: mtungi ukipata joto, gesi hupanuka ndani yake, na ndipo hulipuka.

Gesi haipanuki ndani ya mtungi. Itapanukia wapi? Mtungi ni chuma. Kupanuka ni kuwa pana, kuchukua nafasi kubwa kuliko ya awali. Kitu kilichofungiwa ndani ya chuma hakina nafasi ya ziada ya kuchukua. Kinachoongezeka ni shinikizo, yaani nguvu ambayo chembechembe za gesi huigonga nayo kila sehemu ya ukuta wa mtungi. Mtoto akiambiwa gesi hupanuka, atauangalia mtungi uliokaa juani, auone haujavimba hata kidogo, na atahitimisha kwamba mambo ni shwari. Hivyo ndivyo mtu mzima pia huhitimisha. Kitenzi kimempa ishara ya hatari ambayo haitatokea, kikamficha ile ambayo inatokea wakati huohuo akiutazama.

Wanafizikia hawakuweka kanuni tatu za gesi kwa kupenda kuwasumbua watoto wa shule. Gesi ina sifa tatu zinazosukumana: shinikizo, ujazo na halijoto. Huwezi kueleza jinsi mbili zinavyohusiana bila kuishika ya tatu isisonge. Ukishika halijoto, ujazo na shinikizo huenda kinyume. Hiyo ni Kanuni ya Boyle, ya 1662. Ukishika shinikizo, ujazo na halijoto huenda sambamba. Hiyo ni Kanuni ya Charles, ambayo kwa hakika ilichapishwa na Gay-Lussac mnamo 1802, naye kwa uungwana wake akamtaja Jacques Charles aliyekuwa ameichungulia miaka kadhaa kabla bila kuiandika. Charles huyu ndiye aliyepaa angani kwa puto la hidrojeni huko Paris, Desemba 1783. Na ukishika ujazo, kama mtungi unavyoushika, basi shinikizo na halijoto hupanda pamoja.

Ona kwamba kila kanuni huanza na ‘ukishika’. Katika Kiswahili cha kitabuni tunasema ‘iwapo halijoto haibadiliki’. Kishazi hicho tegemezi ndicho roho ya kanuni, na ndicho cha kwanza kutupwa na waandishi wetu wanapotaka kurahisisha. Nimesoma miswada kadhaa ya vitabu vya sayansi kwa Kiswahili na aghalabu ndivyo ilivyo: ‘Gesi ikipata joto hupanuka.’ Imekwisha. Iwapo nini? Iwapo iko kwenye puto, sawa. Iwapo iko kwenye mtungi, hapana. Hata Boyle hakukitilia mkazo kishazi hiki. Ni Mfaransa Edme Mariotte, aliyekuja baadaye katika karne iyo hiyo, aliyesisitiza kwamba halijoto sharti isibadilike. Wafaransa hadi leo humtaja Mariotte katika jina la kanuni hiyo, na mimi naona wana haki.

Anayetaka kumwona Boyle bila maabara apande treni. Nunua pakiti ya krispi Mombasa, usiifungue, ushuke nayo Nairobi. Itakuwa imevimba kama kitambi cha mheshimiwa. Hewa iliyofungiwa ndani ni ileile, halijoto haijabadilika sana, ila shinikizo la angahewa huku juu ni takriban asilimia 83 ya lile la Pwani, na kwa hiyo hewa ya pakitini imejinyoosha. Hapo sasa sema ‘imepanuka’ na mimi nitakupigia makofi, kwa sababu pakiti ni laini. Safari ya kurudi, ifunge kwa nguvu chupa tupu ya plastiki ukiwa Nairobi. Utakapofika Mombasa itakuwa imekunjamana mbavu.

Kuna na hili la ‘maradufu’. Nililiona katika mswada mmoja, si katika karatasi ya Mama Gesi: kwamba halijoto ikiongezeka maradufu, shinikizo nalo huongezeka maradufu. Kweli kabisa, ila maradufu ya nini? Mwanafunzi atatoka nyuzi 20 aende 40 na kudai shinikizo limekuwa mara mbili. Sivyo. Kanuni huhesabu kuanzia sufuri halisi, ambayo iko nyuzi 273 chini ya sufuri yetu ya kawaida. Nyuzi 20 ni kelvini 293, nyuzi 40 ni kelvini 313, na nyongeza ya shinikizo ni kama asilimia 7 tu. Mwandishi hakudanganya, lakini aliliacha neno ‘maradufu’ lijisimamie lenyewe, na neno hilo halina miguu bila kipimo kinachojulikana kinaanzia wapi.

Nirudi dukani. Mstari wa mwisho wa karatasi uliwashauri wateja kwamba kadiri gesi inavyotumika ndivyo shinikizo la mtungi linavyoshuka, hivyo moto ukiwa na nguvu mtungi bado umejaa. Hapa mwandishi alikumbuka fizikia ya shule, na ndiyo iliyomponza. Kanuni za Boyle na Charles ni za gesi. Kilichomo mtungini kwa sehemu kubwa si gesi. Ni kimiminika, na juu yake pana tabaka la gesi. Mradi tone la kimiminika lipo, gesi inayotoka hujazwa na nyingine inayofuka kutoka chini, na shinikizo hubaki lilelile kwa halijoto ileile, mtungi uwe umebakisha kilo 12 au kilo moja. Ndiyo maana gesi huisha ghafla, mgeni akiwa sebuleni na ugali haujaiva. Mizani peke yake ndiyo isemayo kweli. Kwa hiyo Mama Gesi anapomwambia mteja “tuupime kwanza”, anajua fizikia kumshinda mwandishi wa karatasi aliyopewa aibandike ukutani.

Na kutoijua tofauti hiyo kuna hatari kuliko kukatizwa ugali. Gesi tupu iliyofungiwa, ukiitoa nyuzi 20 hadi 50, shinikizo lake hupanda kwa asilimia 10 hivi. Si neno. Lakini propani ambayo bado ina kimiminika chake, kwenye nyuzi 20 huwa na shinikizo la kiasi cha mara 8 ya lile la angahewa, na kwenye nyuzi 50 hufika kiasi cha mara 17. Limepita maradufu, kwa nyuzi 30 tu! Sababu ni kwamba moto haukuzichapuza chembechembe zilizokuwa hewani pekee. Umeita nyingine chungu nzima kutoka kwenye kimiminika zije kuugonga ukuta. Zaidi ya hayo, kimiminika chenyewe huvimba, na hicho ndicho kitu pekee mtungini ambacho kitenzi ‘panuka’ kingekifaa. Ndiyo maana mtungi tunaosema ‘umejaa’ haujajaa. Kimiminika hakitakiwi kupita asilimia 80 ya nafasi, ili panapobaki pawe pa kukipokea kikivimba. Mtu wa kichochoroni anayejaziliza mitungi bila mizani, hadi kwenye shingo, hampi mteja zawadi.

Sote twakumbuka usiku wa Februari 1, 2024, Embakasi. Watu kadhaa walifariki, mamia wakajeruhiwa, nyumba na maghala yakateketea. Siku zilizofuata nilisikiliza redio na kusoma magazeti, na kitenzi kilikuwa kimoja tu: kulipuka. Gesi ililipuka, mtungi ulilipuka, lori lililipuka, mtaa ulilipuka. Silaumu wanahabari, wao huandika huku wanakimbia. Lakini kuna chombo kupasuka kwa kushindwa na shinikizo, na kuna gesi iliyovuja kushika moto, ambayo inahitaji cheche tu wala si chombo kupasuka. Kiswahili kina ‘pasuka’, kina ‘ripuka’ na ‘lipuka’, kina ‘waka’ na ‘shika moto’. Litakapokuja swali la nani alizembea, mwenye kujaza kupita kiasi au mwenye kuachia gesi ivuje, tutayahitaji maneno hayo yote.

Nafika sasa kwenye dhambi yangu mwenyewe. Neno la Kiswahili la dhana hii tunayoizungumzia ni lipi? Tumekuwa tukisema ‘shinikizo’. Ni neno zuri. Zamani liliitwa hivyo hata kinu cha kukamulia, kwa hiyo lina historia ya kubana. Siku hizi limetekwa na wanasiasa na madaktari. Waziri hujiuzulu kwa shinikizo, mgonjwa ana shinikizo la damu. Wanaistilahi wa Tanzania waliunda ‘kanieneo’, na nakiri kwamba miaka mingi nililipigia debe darasani. Limeunganisha kani na eneo, na shinikizo katika fizikia ndilo hilo hasa: kani inayogawanywa kwa eneo. Mwanafunzi akilijua neno, ameijua fomula. Lugha chache duniani zina neno la dhana hii lenye fasili yake tumboni.

Nilishiriki warsha moja ambapo tuliketi siku mbili tukibishana iwapo tuchague ‘kanieneo’ au ‘shinikizo’, na ‘mjao’ au ‘ujazo’. Tulikunywa chai nyingi. Hatukumwalika muuza gesi hata mmoja, wala fundi wa tairi, wala mama anayepika. Kenya hufundisha sayansi kwa Kiingereza kuanzia Gredi ya Nne, kwa hiyo maneno yetu hayana darasa la kuyalea. Yanatoka warshani yanaingia kamusini yanalala. Mtu pekee anayekutana nayo ni yule anayesoma tahadhari ukutani, tena siku ambayo tayari ananusa kitu.

Nilimwomba Mama Gesi kalamu. Nyuma ya karatasi ileile nikaandika upya mistari minne, kwa herufi kubwa. Gesi ikivuja hutambaa chini, fungua milango, usiwashe wala kuzima kitu chochote cha umeme. Mtungi usiwekwe juani, karibu na moto, wala kwenye maji moto, hata kama hauonekani kuvimba. Moto mkali si dalili kwamba mtungi umejaa, upime. Wa nne ulianza, “Mtungi ukipata joto, kanieneo ya gesi...”

“Hapo, mwalimu,” akanikatiza, akiwa ameinama juu ya bega langu. “Hiyo kani-nini ni ya nani?”

Nikamweleza. Kani, eneo, chembechembe zinazogonga ukuta. Akasikiliza kwa adabu hadi mwisho, huku akimpokea mteja pesa.

“Sawa, nimeelewa. Lakini si uandike tu presha?”

Nikaandika presha.